Pistola ya Rangi: Itengeneze Vema, Linda Kifua



Barabara ya Mongbwalu ina vumbi jekundu. Kwa hiyo wapaka rangi wengi hapa Bunia hufunga milango, vumbi lisishike rangi mbichi. Lakini mvuke unabaki ndani pamoja nao. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zina isosianati, ambayo huweza kuleta pumu. Mtu akiisha kuipata, hata mvuke kidogo humbana kifua.

Tufanye hivi:

1. Tuchague pistola ya presha ndogo, yenye maandishi HVLP. Presha ikizidi, rangi hugonga bati na kurudi usoni.
2. Tundu la mdomo: milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi ya mwisho, 1.6 hadi 1.8 kwa rangi ya kwanza.
3. Presha ipimwe hewa ikiwa inatoka: bar 2 hivi, au kama kiwanda kilivyoandika. Jaribu kwanza juu ya karatasi.
4. Shika pistola sentimita 15 hadi 20 toka bati.
5. Paka asubuhi mapema, mwaga maji chini, fungua milango miwili hewa ipite. Moto na sigara mbali.
6. Vaa miwani, glavu na maske yenye katriji za mvuke. Kitambaa hakizuii mvuke.

Ukikohoa usiku baada ya kupaka, na siku ya mapumziko ukapata nafuu, fahamu kwamba kazi ndiyo inakuumiza. Njoo dispanseri mapema. Bati hupakwa upya, mapafu hayapakwi.