Taa ya Nje Kutoka Swichi ya Jikoni



Katika skimu za Kinangop na Ol Kalou ng'ombe hukamwa kungali giza, maana maziwa hayana budi kufika barabarani kabla lori halijapita. Mkono mmoja una ndoo, wa pili una tochi, na njia ya kutoka jikoni mpaka zizini ni matope matupu. Ndiyo sababu watu waliokwisha kuingiza stima huja ofisini kwetu wakiuliza: Je, siwezi kuongeza taa moja ukutani nje, nikaivuta kutoka swichi hii iliyo karibu na mlango? Yawezekana, lakini mara nyingi swichi peke yake haitoshi. Soma polepole sehemu ifuatayo, kwani hapo ndipo wengi hukosea.

Stima ya nyumbani ni ya volti 240. Taa huhitaji waya mbili: moja huleta nguvu, na mafundi huiita laivu, nyingine huirudisha, nayo huitwa nyutro. Iko na ya tatu, waya wa ardhi, ambayo hukaa bila kazi mpaka siku ya hatari. Swichi ni kama kizuizi cha maji katika mfereji wa shamba, nacho huwekwa katika laivu tu. Basi katika nyumba nyingi ukifungua swichi utakuta waya mbili, na zote mbili ni za laivu: moja yaingia, nyingine yatoka kwenda kwenye taa. Nyutro haikushuka hapo. Imekwenda moja kwa moja juu darini.

Rangi nazo hudanganya. Katika nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Siku hizi laivu ni ya kahawia na nyutro ni ya buluu. Mtu akiona waya nyeusi ndani ya swichi husema, "Nyutro hii hapa." Siyo, mara nyingi ni laivu inayotoka. Akiunga globu ya nje kati ya nyekundu na nyeusi hiyo ataona kioja: akizima swichi, globu zote mbili zawaka hafifu, akiwasha, ya jikoni yawaka vizuri na ya nje yazimika kabisa. Nilipokuwa nikifundisha shule niliwachorea watoto jambo hili ubaoni, wakacheka sana.

Lakini linalofuata si la kucheka. Fundi asiyejua, akikosa nyutro, huchukua waya wa ardhi na kuifanya njia ya kurudishia nguvu. Taa yawaka vizuri, naye alipwa na kwenda zake. Katika shamba moja tulilotembelea, ng'ombe walikuwa wakikataa kunywa maji alfajiri, na maziwa yakapungua. Mwenyewe alinunua dawa mara mbili. Mchana walikunywa bila shida. Kumbe waya wa ardhi ilikuwa imelegea kwenye chuma chake kilichochimbiwa chini, na kila taa ilipowashwa nguvu ilipitia bomba la maji mpaka kwenye hori. Ng'ombe husikia stima upesi kuliko mtu mwenye viatu, kwa kuwa kwato zake nne zimo katika matope. Nguvu inayowasha globu ya wati 60 yatosha kumwua mtu.

Njia iliyo sawa ni hii. Ukitaka taa ya nje iwake pamoja na ya jikoni, waya zake zote mbili zitoke darini kwenye taa ya jikoni, mahali nyutro ilipo. Ukitaka iwake peke yake, swichi hubadilishwa ikawekwa ya vitufe viwili. Laivu mpya hutoka kwenye kitufe cha pili, lakini nyutro bado hutoka juu. Waya wa ardhi huifuata taa pia, kwa kazi yake yenyewe. Waya ziwe za milimita za mraba 1.5, zipite ndani ya paipu, na tundu la ukutani liinamie nje ili mvua isiingie. Nunua taa ya nje iliyoandikwa IP65.

Usiogope gharama ya stima. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa tatu kila siku haifikishi yuniti moja kwa mwezi. Globu ya zamani ya wati 60 ingekula zaidi ya tano. Fyuzi ya taa ya ampea 5 huchukua wati 1,200, kwa hiyo haitalemewa.

Ikiwa zizi liko mbali na nyumba, hiyo ni kazi nyingine, na waya zisifungwe kwenye nguzo za ua.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Wewe zima swichi kubwa, naye apime kwa testa kabla ya kugusa. Kisha muulize, "Nyutro umeitoa wapi?" Akionyesha swichi yenye waya mbili, mzuie. Akimaliza, abonye kitufe cha kujaribia kwenye kifaa kinachokata stima ikivujia ardhini. Stima isipokatika papo hapo, au kifaa chenyewe kikikosekana, usimlipe bado.