Vitabu vya kaka bado vinafaa kwa CPA?

Msimu wa mitihani ya uhasibu ukikaribia, watahiniwa huuliza swali lile lile: vitabu alivyoniachia kaka aliyemaliza CPA miaka minne iliyopita bado vinafaa? Sehemu kubwa vinafaa, ila kuna kurasa ambazo zitakuangusha usipozijua.

Namna ya kuandika kila muamala mara mbili, debiti na krediti, ni ile ile aliyoieleza Luca Pacioli katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Hesabu za gharama, misingi ya ukaguzi na takwimu nazo hazina haraka ya kubadilika. Katika masomo hayo mtungaji hubadilisha tarakimu na jina la kampuni, lakini kinachopimwa ni kile kile. Usinunue kitabu kipya cha hesabu za gharama kwa sababu tu kina jalada jipya. Hiyo ni nauli yako ya wiki nzima.

Kodi ndiyo isiyotulia. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Chukua mfanyakazi wa Tanzania Bara ambaye mapato yake yanayotozwa kodi ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. Zilizobaki, 230,000, zilikatwa asilimia 9 hadi Juni 2021, yaani 20,700. Kuanzia Julai 2021 ni asilimia 8, yaani 18,400. Mtahiniwa anayekariri jedwali la zamani anajua kukokotoa vizuri kabisa, na bado anakosa jibu. Wa Kenya wamepitia kama hayo: VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021.

Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha hubadilika polepole zaidi, lakini vikibadilika hugeuza swali zima. Fikiria mfanyabiashara aliyepanga duka Kariakoo kwa miaka mitano, pango milioni 12 kila mwisho wa mwaka. Chini ya IAS 17, pango la namna hiyo lilikuwa gharama ya milioni 12 kwa mwaka, basi. IFRS 16, iliyoanza 1 Januari 2019, inamtaka mpangaji aingize kwenye mizania haki ya kutumia duka pamoja na deni lake. Kwa riba ya asilimia 10, thamani ya leo ya malipo yote ni takriban milioni 45.5. Mwaka wa kwanza kuna uchakavu wa milioni 9.1 na riba ya milioni 4.55, jumla milioni 13.65. Duka ni lile lile na fedha zilizotoka ni zile zile, ila faida imeshuka na deni limeonekana. Inayofuata ni IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024 kuchukua nafasi ya IAS 1 kuanzia 1 Januari 2027.

Mara chache hubadilika silabasi yenyewe. KASNEB ya Kenya ilizindua silabasi mpya Julai 2021, na hata mpangilio wa ngazi za CPA ukabadilika.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya mtihani, pata silabasi ya sasa ya bodi yako, NBAA ya Tanzania au KASNEB, uilinganishe na yaliyomo kwenye kitabu, mada kwa mada. Kisha uliza ukomo: sheria iliyopitishwa hadi tarehe gani ndiyo itakayotahiniwa? Sheria iliyopita juzi si lazima iwemo. Bodi ya Uingereza, ACCA, kwa mfano, katika mitihani ya taarifa za fedha, hutahini kuanzia 1 Septemba kanuni zilizotolewa hadi 31 Agosti ya mwaka uliotangulia.

Maswali ya miaka iliyopita yafanye yote. Ya kodi, yakokotoe upya kwa viwango vya sasa, na majibu ya zamani usiyakariri.