SOMO LA WIKI: UKITAJA BEI, MUNGU ANASIKIA
Somo: Mwanzo 23:3-20, Mithali 20:14

Wiki hii sikuchagua somo, somo limenichagua mimi.

Wengi mnajua mimi na mama watoto tumekuwa tukiombea nyumba. Mwezi jana tukapata moja huko Rongai, nyumba ya zamani kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Mwenyewe ni mama mjane, anataka milioni 6.5. Nilienda na fundi, akagonga kuta, akapanda juu ya dari. Sebuleni kuna ufa mrefu. Fundi akaniambia kando, "Mzee, hii ni plasta tu. Msingi uko sawa."

Basi nikamwendea yule mama na kumwambia nini? Nikatikisa kichwa. Nikasema nyumba inazama, itanila pesa nyingi, siwezi kupita milioni 5.2. Aliniangalia, kisha akasema, "Sina mtu wa kunieleza mambo ya nyumba. Lakini wewe umeokoka, siwezi kukubishia." Akakubali.

Nikarudi nyumbani nikiimba. Mke wangu hakuimba. Akaniuliza ule ufa umegeuka kuwa msingi saa ngapi.

Usiku huo nilifungua Mithali 20:14. Suleimani anamjua mnunuzi vizuri: mbele ya muuzaji anaponda mali, akishaondoka anajisifu. Huyo alikuwa mimi kabisa.

Sasa mtazame Ibrahimu. Sara amekufa, yeye ni mgeni katika nchi, anahitaji kaburi. Efroni Mhiti anamwambia mbele ya watu wote langoni achukue shamba na pango bure. Ibrahimu anainama kwa heshima, anakataa cha bure, anaomba alipe thamani kamili. Efroni anataja shekeli 400 za fedha kama mtu anayetaja kitu kidogo. Ibrahimu anapima fedha palepale. Hakusema pango lina popo.

Msinielewe vibaya: kupatana bei si dhambi. Kama paa linavuja, sema linavuja na uombe upunguziwe. Kama mfuko wako unaishia milioni 5, sema unaishia hapo. Dhambi ni kutengeneza ubovu ambao haupo, na ni mbaya zaidi ukiutengenezea mtu anayekuamini kwa sababu ya wokovu wako.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo limewaliza wengi kanisani. Ndugu anasema, "Huyu ni mpendwa, tusifuate mambo ya makaratasi." Rudi mstari wa 17. Shamba, pango, hata miti iliyo mipakani, vyote vinatajwa mbele ya mashahidi. Yeremia naye aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 alikuwa na hati iliyotiwa muhuri na nakala iliyo wazi (Yeremia 32). Nabii aliyesikia sauti ya Mungu bado aliandikisha!

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha kwenye rekodi za ardhi hati ina jina la nani na kama ina deni la benki. Ukinunua kwa mjane au yatima, uliza kama mirathi imekamilika kortini. Kama hati bado ina jina la marehemu na korti haijathibitisha, hata yeye hana uwezo wa kukuuzia. Kama ni nyumba ya ndoa, mume na mke wote wakubali. Barua ya ofa wakili aiandike ionyeshe kwamba haimfungi mtu mpaka mkataba utiwe sahihi. Kwa kawaida asilimia 10 hulipwa wakati wa mkataba, na ni heri ishikwe na wakili kuliko kuingia mfukoni mwa broka. Na unapopanga bei usisahau ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na 2 mashambani. Mimi nilikuwa nimeusahau, na nadhani ndiyo sababu nyingine nilibana yule mama hivyo.

Jumapili baada ya ibada nilirudi Rongai na fundi wangu. Nikamwambia aseme tena, mbele ya mama, alichoniambia kando. Akasema. Yule mama alinyamaza muda mrefu, akaenda akaugusa ule ufa kwa kidole. Nikamwambia naomba msamaha, ofa yangu ya kweli ni milioni 6, ndipo mkopo wa sacco unapofika, na akipata mtu wa kumpa 6.5 sitalalamika.

Hakunikumbatia, wala hakusema Bwana asifiwe. Alisema atawapigia watoto wake kwanza, na safari hii atatafuta fundi wake mwenyewe. Niende Alhamisi nisikie jibu.

Naandika haya Jumanne usiku. Mtuombee.