Nakala Rudufu za Taarifa: Kila Kituo Kiwe na Ufunguo Wake

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zama hizi daftari lenyewe limehamia katika kompyuta: kumbukumbu za kliniki ya mama mjamzito, alama za mwanafunzi wa kidato cha nne, malipo ya ushuru wa soko na orodha ya wakazi wa kitongoji. Kompyuta huungua, huibiwa na hushambuliwa na virusi. Kwa sababu hiyo taarifa hizo hunakiliwa mara kwa mara na nakala yake kuwekwa mahali pengine. Nakala hiyo ndiyo iitwayo nakala rudufu. Somo hili linaeleza jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: ni nani anayeruhusiwa kuifungua nakala hiyo, na mpaka wa ruhusa yake ni upi.

Vituo vingi, seva moja

Kununua seva kwa ajili ya kila zahanati, kila shule na kila ofisi ya mtendaji ni gharama kubwa. Njia nafuu ni kuweka seva moja ya nakala rudufu ihudumie vituo vingi kwa pamoja. Mpango huo unafanana na nyumba ya wapangaji: paa ni moja na ua ni mmoja, lakini kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake. Mwenye nyumba akigawa funguo zinazofungua vyumba vyote, hakuna tena aliye na chumba chake.

Ichukuliwe kwa mfano kata ambayo zahanati na shule ya sekondari zinatumia seva moja. Mwalimu anayesimamia kompyuta za shule amepoteza faili la alama, naye anaingia katika programu ya nakala rudufu ili alirejeshe. Iwapo akaunti yake haikuwekewa mipaka, ataziona pia nakala za zahanati, na ataweza kuzirejesha katika kompyuta ya shule na kuzisoma: majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo vya VVU, historia ya uzazi. Katika mfumo wa zahanati mwalimu huyo hana nywila, lakini hakuihitaji. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, wa uani ulikuwa wazi. Kanuni ya kwanza basi ni hii: mwenye haki ya kurejesha nakala ana uwezo wa kuisoma.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya upotevu na dhidi ya kufikiwa na asiyehusika. Taarifa za afya na taarifa zinazohusu watoto zimo katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imefanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Hata hivyo, pale ambapo kila mtumishi amepewa ruhusa zote, ni vigumu kusema nani amevuka mpaka, kwa kuwa mpaka wenyewe haukuwekwa.

Namna mipaka inavyowekwa

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni ambazo zinafundishwa hadi leo katika usalama wa kompyuta. Mojawapo ni kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kukamilisha kazi yake, wala si zaidi. Programu ya Bacula, ambayo ni programu huria ya nakala rudufu iliyoanzishwa mwaka 2000, inaonyesha vyema kanuni hiyo. Akaunti yenye mipaka katika Bacula huanza bila ruhusa yoyote; msimamizi mkuu ndiye huifungulia milango mmoja baada ya mwingine kwa kutumia orodha za ruhusa. Hatua zifuatazo zinafaa pia kwa programu nyingine za aina hiyo, na zinaweza kuwasaidia wanaoendesha SACCOS, shule binafsi au kituo cha afya cha taasisi ya dini.

1. Kuorodhesha wapangaji. Kila kituo kiandikwe pamoja na kompyuta zake, kazi zake za kunakili na sehemu yake ya kuhifadhia. Majina ya kazi yaanze na jina la kituo, ili ya shule yasichanganyike na ya zahanati.

2. Kumpa kila mtu akaunti yake. Akaunti moja isitumiwe na watu wawili. Kumbukumbu za mfumo zikionyesha jina la jumla kama "ofisi", haitajulikana ni nani aliyefungua nakala.

3. Kutaja kinachoruhusiwa. Akaunti ya shule itajiwe kompyuta za shule, kazi za shule na hifadhi ya shule pekee. Neno linaloruhusu vitu vyote libaki kwa msimamizi mkuu.

4. Kutenganisha amri. Kuona, kunakili, kurejesha na kufuta ni mamlaka nne tofauti. Mpangaji wa kawaida hahitaji kufuta. Nakala ikifutwa kwa makosa au kwa hila, hakuna pa kuirejesha. Vilevile, amri ya kuiuliza kanzidata moja kwa moja asipewe mpangaji, kwa kuwa hupita pembeni ya mipaka mingine yote. Hata orodha ya majina ya mafaili ni taarifa: faili lililopewa jina la mgonjwa limekwisha kumtaja kabla halijafunguliwa.

5. Kuweka mpaka wa mahali pa kurejesha. Hatua hii ni rahisi kuisahau. Nakala ya zahanati irejeshwe katika kompyuta ya zahanati, ndani ya folda iliyotajwa, na si kwingineko.

6. Kusimba taarifa kabla hazijaondoka kituoni. Msimamizi mkuu huviona vyumba vyote. Taarifa zikisimbwa katika kompyuta ya kituo, yeye hutunza nakala bila kuweza kuisoma. Ufunguo wa kusimbua uwe na nakala iliyofungiwa mahali salama, kwa sababu ukipotea, taarifa zimepotea pamoja nao.

7. Kujaribu. Msimamizi aingie kwa akaunti ya mpangaji na kujaribu mambo mawili: kurejesha faili la kituo hicho, jambo ambalo lazima lifanikiwe, na kufungua la jirani, jambo ambalo lazima likataliwe. Mipaka ambayo haijajaribiwa isihesabiwe kuwa imewekwa.

8. Kufunga akaunti. Mtumishi akihamishwa, akistaafu au akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, kama anavyokabidhi funguo za ofisi.

Nafasi ya mwananchi

Mkazi wa kata hahitaji kuifahamu programu ili kulinda haki yake. Katika kituo anachohudumiwa, au katika mkutano wa hadhara wa kijiji, anaweza kuuliza maswali matatu: je, taarifa zetu zina nakala rudufu? Ni nani wanaoweza kuirejesha nakala hiyo? Ni lini mara ya mwisho urejeshaji na mipaka vilijaribiwa? Kiongozi wa kituo anayejua kazi yake atayajibu bila kutaja nywila wala siri yoyote ya kiufundi.

Sheria inampa pia mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Anayeona kuwa taarifa zake zimetumiwa isivyo halali aanze kwa kuandika kwa kituo husika na kutunza nakala ya barua yake. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Msaada wa kuandaa barua hiyo uombwe katika ofisi ya Mtendaji wa Kata.