Kusoma mapitio ya tafiti: mfano wa saumu na michezo

Mapitio ya tafiti ni maandishi yanayokusanya tafiti nyingi juu ya swali moja, kuzipima, na kutoa jibu la jumla. Wasomaji huyaamini kuliko utafiti mmoja mmoja. Lakini mapitio nayo yana mazuri na mabovu. Tuchukue swali hili: je, saumu ya Ramadhani hupunguza uwezo wa mwanamichezo?

Ugumu wa kwanza ni kwamba tafiti zinazojumlishwa hazifanani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Olimpiki ya London, mwaka 2012, iliangukia mwezi huo, na saumu ya huko ilizidi saa 16 kwa siku. Kindu, karibu na ikweta, ni kama saa 13. Tena, aliyepimwa asubuhi baada ya daku si sawa na aliyepimwa jioni. Kuwachanganya wote huleta wastani usiomhusu yeyote.

Ugumu wa pili: saumu haifichiki. Aliyefunga anajua kwamba amefunga, na matarajio yake yanaweza kubadili matokeo. Mapitio mazuri husema hivyo waziwazi.

Ili kuyapima mapitio yenyewe, wataalamu hutumia AMSTAR 2, orodha ya maswali 16 iliyotolewa mwaka 2017. Saba kati yake ni ya msingi. Kwa mfano: je, mpango uliandikwa kabla ya kazi kuanza? Tafiti zilizoachwa zimetajwa, pamoja na sababu? Udhaifu wa tafiti umezingatiwa katika hitimisho? Mapitio yakikosea katika zaidi ya moja ya hayo saba, huwekwa daraja la chini kabisa, hata lugha yake ikiwa safi.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, tuchunguze hasa hitimisho. «Hatukuona athari» si sawa na «Hakuna athari». Sentensi ya kwanza inaeleza kazi iliyofanywa na mpaka wake. Ya pili inadai kujua hali ya mambo yote. Kocha akiipokea ya kwanza kana kwamba ni ya pili, atapanga mazoezi makali saa kumi alasiri, na atakayeumia ni mchezaji aliyefunga.

Zoezi: Chukua muhtasari wa mapitio yoyote. Pigia mstari vitenzi vyote vya hitimisho, kisha ueleze kipi kinadai zaidi ya kilichopimwa.