Kukoleza Nyama ya Mnofu kwa Chumvi Kidogo: Somo kwa Wagonjwa wa Shinikizo la Damu na Wanaowahudumia

"Punguza chumvi" ni ushauri unaotolewa karibu kila kliniki ya shinikizo la juu la damu. Mgonjwa huupokea, hula nyama ya kuchemsha isiyo na ladha kwa wiki moja au mbili, kisha hurudia mapishi yake ya zamani. Mara nyingi huo si ukaidi. Ameambiwa cha kuacha, hakuelezwa cha kuweka mahali pake. Somo hili linakusudia kuliziba pengo hilo.

Hesabu ya sufuria moja

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ndani yake mna miligramu 2,000 hivi za sodiamu. Sodiamu hushikilia maji mwilini, ujazo wa damu huongezeka, na kwa watu wengi shinikizo hupanda. Utafiti wa DASH-Sodium, uliochapishwa Marekani mwaka 2001, ulionyesha kuwa kupunguza sodiamu kulishusha shinikizo la damu, hata kwa watu ambao hawakuwa na ugonjwa huo.

Tuchukue nusu kilo ya nyama kwa watu wanne. Mpishi anatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha vipande viwili vya viungo vya supu vya dukani, kila kimoja gramu 4. Kwa kawaida nusu ya uzito wa kipande hicho au zaidi ni chumvi. Jumla ni gramu 9, na kila mlaji anapata zaidi ya gramu 2. Mlo mmoja umekula karibu nusu ya posho ya siku, kabla ya kuhesabu mkate wa asubuhi na mboga. Ndiyo maana anayeacha chumvi ya mezani lakini akabaki na viungo vya paketi, sosi ya soya au magadi huenda asione mabadiliko. Soma lebo: zidisha miligramu za sodiamu kwa 2.5 upate miligramu za chumvi.

Kwa nini mnofu huhitaji uangalifu

Kidari cha kuku kisicho na ngozi, steki iliyoondolewa mafuta na nyama ya mbuzi ni chaguo jema kwa moyo. Hata hivyo, mafuta ndiyo hubeba sehemu kubwa ya harufu ya nyama na kuifanya iwe laini mdomoni. Yakipungua, nyama hukauka upesi na mpishi huongeza chumvi ili kufidia. Zipo njia bora zaidi za kufidia:

1. Uchachu. Ndimu, limau, ukwaju au siki huufanya ulimi uhisi ladha ya chumvi iliyopo kwa nguvu zaidi. Kuloweka nyama kwa saa moja hadi mbili kunatosha.

2. Harufu. Kaanga bizari nyembamba, mbegu za giligilani na pilipili manga bila mafuta hadi zinukie, kisha uzitwange. Tangawizi na kitunguu saumu viingie mwanzoni; majani ya giligilani yaingie mwishoni, kwani moto mrefu huiondoa harufu yake.

3. Rangi ya kahawia. Kausha nyama kwa kitambaa safi, uikaange kwa mafuta kidogo, vipande vichache kwa wakati mmoja. Vikijazana hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

4. Uzito wa mchuzi. Nyanya zilizopikwa hadi kukauka, vitunguu vilivyoiva taratibu na uyoga huipa nyama ladha nzito ambayo wengi huitafuta katika viungo vya dukani.

5. Chumvi ya mwisho. Pima robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, uinyunyize nyama ikikaribia kuiva. Chumvi iliyo juu ya kipande huonekana ulimini kuliko ile iliyozama ndani. Kila mlaji kati ya wanne atapata takriban gramu 0.3.

Nyama iliyolowekwa bila chumvi ihifadhiwe kwenye jokofu, si mezani, na kuku aive hadi ndani.

Tahadhari

Chumvi mbadala yenye potasiamu husaidia baadhi ya watu wazima, lakini inaweza kuwa hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu, kama enalapril, losartan au spironolactone. Asiitumie kabla ya kumwona daktari. Mgonjwa wa figo aulizie pia kiasi cha nyanya na ukwaju kinachomfaa.

Chumvi kidogo unayotumia iendelee kuwa yenye madini joto. Aidha, tangawizi na kitunguu saumu ni viungo vya chakula. Havichukui nafasi ya dawa. Shinikizo likishuka, mgonjwa asiache wala kupunguza vidonge bila ushauri wa daktari.

Kwa mhudumu wa afya

Maswali matatu yanafaa kuulizwa katika kila mahudhurio: Nani anapika nyumbani? Mbali na chumvi, anatia nini katika mchuzi? Je, mgonjwa anapikiwa peke yake? Swali la tatu lina uzito mkubwa. Sufuria ya pembeni humchosha mpishi na kumtenga mgonjwa, naye hatimaye huchota katika sufuria ya wote. Ni afadhali chumvi ya familia nzima ipunguzwe kidogo kidogo, kwa mfano robo ya kiasi cha kawaida kila baada ya wiki mbili, kwa sababu gramu 5 ni kikomo cha kila mtu mzima, na cha watoto ni kidogo zaidi. Ulimi huzoea ndani ya wiki kadhaa, na chakula cha zamani huanza kuonekana chenye chumvi kupita kiasi. Mgonjwa aelezwe hili mapema, ili wiki za mwanzo zisimkatishe tamaa.