Kikanyagio, Kirefusho na Kikomo cha Mlalio: Istilahi za Usalama wa Bodaboda Bondeni, Nakuru

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili katika vyuo vyetu umeelemea mno upande wa isimu, sheria na tarakilishi. Karakana ya kuchomelea vyuma haijapewa nafasi inayostahili, ilhali ni humo ambamo Kiswahili hufanya kazi kutwa kucha bila kusubiri kamati. Makala haya yanachunguza sehemu ndogo sana ya pikipiki, yaani chuma ambacho abiria na mwendeshaji hukanyagia, pamoja na desturi ya kukirefusha. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili cha mafundi kina majina ya kutosha ya vyuma vyenyewe, lakini hakina jina la hatari inayozalishwa na vyuma hivyo. Upungufu huo una gharama.

Usuli

Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki zilirithi jina hilo. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi sisi 250 mnamo mwaka 2008, biashara hii ilipanuka kwa kasi, na mitaa kama Bondeni ikapata steji za bodaboda karibu kila njia panda. Nakuru yenyewe imekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini fundi wa Bondeni hajabadilisha zana: mashine ya kuchomelea, msumeno wa chuma na vipande vya nondo.

Mteja huja na ombi la kawaida: "Fundi, niongezee chuma hapa chini, abiria wakae vizuri." Ombi hilo lina mantiki. Kiti kimerefushwa, keria imepanuliwa, na mama mwenye mzigo anahitaji mahali pa kuweka miguu pasipo kugusa silensa yenye moto. Basi kikanyagio huongezwa urefu kwenda nje, au huundwa ubao mzima wa bati nene. Desturi hii si ya Wakenya pekee. Nchini Marekani wapenzi wa pikipiki kubwa hununua mbao za kukanyagia zilizorefushwa ili wanyooshe miguu safarini. Tofauti ni kwamba mbao hizo kwa kawaida hufungwa kwa bawaba ili zikunjike zinapogusa lami. Kipande kilichochomelewa hakikunjiki.

Tatizo lenyewe

Pikipiki haipigi kona kama mkokoteni. Ni lazima ilalie upande wa kona, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo inavyolalia zaidi. Pembe hiyo hupatikana kwa kugawanya kipeo cha pili cha mwendo (mita kwa sekunde) kwa zao la nusukipenyo cha kona na mvutano wa ardhi, yaani 9.8; jibu ni tanjenti ya pembe. Hesabu hii imerahisishwa, maana haizingatii upana wa tairi, lakini inatosha kwa hoja yetu.

Tuchukue mfano. Ncha ya kikanyagio iko sentimita 25 juu ya ardhi na sentimita 40 kutoka mstari wa katikati wa pikipiki. Itagusa lami pikipiki ikilalia takriban digrii 32. Katika kona yenye nusukipenyo cha mita 20, pembe hiyo hufikiwa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Fundi akiongeza sentimita 10 kwenda nje, pembe hushuka hadi digrii 27 hivi, na mwendo hadi kilomita 36. Kisha abiria na gunia wapande, springi zibonyee sentimita 5: sasa pembe ni digrii 22, na mwendo ni kilomita 32. Mwendeshaji aliyezoea kupita kona hiyohiyo kwa kilomita 38 bila tatizo atashangazwa na chuma kukwaruza lami. Chuma kisichokunjika huweza kubeba uzito uliopaswa kubebwa na tairi, na tairi la nyuma likiinuka, pikipiki huteleza. Katika mteremko wa Subukia, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu, hilo si jambo la kujaribiwa.

Uchambuzi wa istilahi

Katika mazungumzo ya karakana, swali la usalama huulizwa kwa namna moja tu: je, pikipiki iko juu au iko chini? Swali hilo huchanganya dhana mbili. Kuna umbali kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya pikipiki ikiwa wima, ambao tunapendekeza uitwe kimo cha tumbo. Na kuna pembe ya mwisho ambayo pikipiki inaweza kulalia kabla ya chuma kugusa lami. Pikipiki yaweza kuwa juu sana, ipite mashimo yote ya msimu wa mvua, lakini kwa sababu ya upana wake iguse mapema kwenye kona. Mwendeshaji anayeambiwa "iko juu" huondoka akiwa na imani isiyo na msingi.

Jina la dhana hii ya pili litoke wapi? Kitenzi inama hakifai sana, kwa kuwa mwenye kuinama huelekea mbele. Egemea huhitaji kitu cha kuegemewa, na kwenye kona hakuna. Lala kinakaribia zaidi. Mkulima wa Bahati husema mahindi yamelala baada ya upepo, na picha ni ileile. Hata hivyo, nomino mlalo imekwisha kutumika katika hisabati kwa maana ya kinyume cha wima. Aidha, tukirejelea vigezo vya Kiingi vinavyojulikana kama PEGITOSCA, istilahi isilete aibu. Yeyote aliyewahi kuketi steji anajua vijana wa bodaboda watalifanya nini neno mlalo kabla ya saa nne asubuhi. Lakini Kiswahili tayari husema gari limelalia upande mmoja. Kutokana na kauli hiyo ya kutendea tunapata mlalio, na pembe ya mwisho inakuwa kikomo cha mlalio. Istilahi hii ni angavu, fupi, na inazalika: mlalio wa kushoto, mlalio wa kulia, kupunguza mlalio.

Kuhusu chuma chenyewe, kikanyagio kina utata kidogo, kwani breki nayo hukanyagwa. Utata huo mafundi wameshautatua kwa kuiita breki ya mguu, hivyo hatuoni sababu ya kubuni jingine. Nyongeza tunaiita kirefusho, kwa mpangilio uleule wa ki- na kitenzi.

Ipo pingamizi kwamba istilahi haizuii ajali. Ni kweli, lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, na kijitabu kinachoandamana na pikipiki mpya bado kwa kawaida huwa cha Kiingereza. Fundi hukataa kazi mbaya kwa maneno. Akiwa na neno kikomo cha mlalio, anaweza kupima kwa kamba na rula kabla na baada ya kuchomelea, amwonyeshe mteja tofauti, na kushauri kirefusho kifungwe kwa bawaba au kiinuliwe juu kidogo. Bei ya bawaba ni suala jingine, na hapo ndipo mteja wa Bondeni huanza kubishana.